Kubwa, ya Kwanza, ya Zamani: Wakusanyaji wa Sanaa Wakitazamwa kutoka Bariadi

Watu wa Simiyu tumezoea kuongoza kwenye mizani. Pamba ikishavunwa, ikapimwa kwenye vyama vya msingi na kupakiwa kwenda viwanda vya kuchambua, nchi nzima huuliza kwanza Simiyu imetoa kilo ngapi. Mkoa wenyewe bado mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, Busega ikitoka upande wa Mwanza, na sensa ya mwaka huo ikakuta watu 1,584,157. Ile ya 2022 ilikuta 2,140,497. Maonyesho ya kitaifa ya wakulima, Nanenane, yalipiga kambi Nyakabindi, nje kidogo ya mji wa Bariadi, miaka mitatu mfululizo: 2018, 2019 na 2020. Kwa hiyo habari za "kubwa kuliko" na "wa kwanza" si ngeni kwetu.

Ipo orodha moja, hata hivyo, ambayo kila nikiipitia simkuti mtu wa kwetu: ya watu waliopata mali kwa biashara wakaitumia kukusanya sanaa na kulea wasanii. Nimeifuata orodha hiyo muda mrefu, kwa sababu mali ninaiona Bariadi na sanaa ninaiona Bariadi, lakini sijaona bado mahali vinapokutana. Hapa naandika rekodi zilizonigusa zaidi. Sikuzipa nafasi sawa, maana uzito wake haulingani.

Mkusanyaji mashuhuri kuliko wote

Nafasi hii ni ya Joseph Murumbi wa Kenya, na ndiye nitakayekaa naye zaidi.

Alizaliwa tarehe 18 Juni 1911, Eldama Ravine, katika Bonde la Ufa. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mgoa, Peter Zuzarte, na mama yake Mmaasai. Alipelekwa India kusoma akiwa bado mtoto, akarudi kijana, na baadaye akaliweka kando jina la Zuzarte akachukua jina la upande wa mama. Kwa maoni yangu kazi yake ya kukusanya ilianzia kwenye uamuzi huo. Mtoto aliyekulia ng'ambo ya bahari hurudi akitafuta kila kitu kinachomwambia kwao ni wapi: kigoda, shanga, ramani, kitabu cha msafiri wa zamani. Wengine huridhika na kimoja. Murumbi hakuridhika.

Miaka ya 1940 aliitumia Somalia, akifanya kazi katika utawala wa Waingereza. Mwaka 1952 viongozi wa chama cha KAU (Kenya African Union) walipokamatwa, yeye alibaki nje na kukaimu ukatibu mkuu. Mwaka uliofuata aliondoka Kenya, akaishia London na kukaa huko karibu miaka tisa. Alifanya kazi katika vuguvugu la kupinga ukoloni na baadaye katika ubalozi wa Morocco. Hakuwa na utajiri. Alichokuwa nacho ni jicho, miguu ya kuzunguka maduka ya vitabu vya zamani, na uvumilivu wa kusubiri bei ishuke.

Kenya ilipopata uhuru alipanda haraka: Waziri wa Nchi, kisha Waziri wa Mambo ya Nje, kisha Mei 1966 Makamu wa pili wa Rais, baada ya Oginga Odinga kujiuzulu. Kabla mwaka haujaisha naye alikuwa ameondoka. Hiyo haikuwa rekodi ya ufupi. Baadaye Musalia Mudavadi alikaa kwenye kiti hicho takriban miezi miwili tu mwishoni mwa 2002. Uzito wa kuondoka kwa Murumbi ulikuwa kwingine. Rafiki yake wa karibu, Pio Gama Pinto, alikuwa ameuawa kwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965, na waliomfahamu Murumbi wanasema tangu siku hiyo siasa ilimtoka moyoni.

Aliingia kwenye biashara. Akawa mwenyekiti wa kampuni ya sigara ya Rothmans nchini Kenya, na mwaka 1972, pamoja na mkewe Sheila na Mmarekani Alan Donovan, akaanzisha African Heritage jijini Nairobi. Hapa ndipo rekodi zinapoanza kumiminika. African Heritage ilikuja kutajwa kuwa jumba kubwa kuliko yote barani lililokusanya na kuuza sanaa ya Afrika nzima, badala ya kabila moja au nchi moja. Tuliozaliwa baadaye tunaweza kuona hilo kama jambo la kawaida. Lakini wakati ule mtu wa Nairobi aliyetaka kuona kazi za mafundi wa Afrika Magharibi chini ya paa moja ilimbidi apande ndege aende kwenye makumbusho ya Ulaya. Murumbi na Donovan walimpunguzia safari hiyo. Wachongaji wa Uganda waliokimbia utawala wa Idi Amin nao walipata pa kuonyesha na kuuza, akiwemo Expedito Mwebe, ambaye milango na samani zake zinajulikana mpaka leo.

Sasa hesabu yenyewe. Vitabu na karatasi za kiofisi alizoacha zinatajwa kupita 50,000. Vitabu adimu, vilivyochapwa kabla ya mwaka 1900, ni takriban 8,000. Kuna stempu, kuna nguo, vito, viti, vinyago na silaha. Sehemu kubwa ipo leo Nairobi, katika jengo la Nyaraka za Taifa la Kenya, ambalo zamani lilikuwa benki, na ukumbi wa chini unaitwa kwa jina lake. Sehemu nyingine ipo Nairobi Gallery, katika jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa.

Namba hizi ni kubwa, lakini mimi hunigusa zaidi mahali vitu hivyo vilipobaki. Inasimuliwa kwamba wanunuzi wa nje walimwahidi fedha nyingi kuliko zile ambazo serikali ya Kenya iliweza kumlipa, naye akachagua kuiuzia Kenya. Katika orodha yote ya wakusanyaji ninaowajua, hilo ndilo ninaloliona kubwa. Mfanyabiashara anajua bei. Kuijua bei na bado kukubali pungufu ili kitu kilale nyumbani ni jambo la moyo, na moyo wa aina hiyo ni adimu sokoni.

Hasara kubwa kuliko zote

Kisa hicho kina upande wa pili, na sitauruka. Nyumba ya Murumbi ya Muthaiga, pamoja na bustani yake ya miti ya asili, ilichukuliwa na serikali katika mpango huo huo. Matumaini yalikuwa igeuzwe kuwa taasisi ya masomo ya Afrika, watafiti wakae hapo, vitabu na vinyago viwe jirani yao. Taasisi haikujengwa. Nyumba ilibomolewa na miti ikakatwa, naye mwenyewe akiwa hai. Imesalia kwenye picha tu, na picha hizo zinauma kuzitazama: rafu hadi dari, vinyago ukutani, na mtu mnene mwenye tabasamu la aibu katikati ya vitu vyake.

Alihamia Intona, shamba lake la Trans Mara, katika nchi ya Wamaasai wa upande wa mama yake. Ukichukua ramani utaona jambo ambalo watu wa Meatu na Bariadi watalielewa upesi: Trans Mara iko upande wa kaskazini wa nyika ile ile ambayo kusini inaishia kwetu, kwenye Pori la Akiba la Maswa. Nyumbu hawajui kwamba wamevuka mpaka. Kwa hiyo mkusanyaji mashuhuri kuliko wote alimalizia miaka yake pembeni ya uwanda ambao sisi tunauona kutoka upande wa pili.

Alifariki Juni 1990. Alitaka kulala karibu na Pinto, kwenye makaburi ya City Park, Nairobi, lakini ndani ya uzio hapakuwa na nafasi. Akazikwa nje kidogo, ndani ya bustani ya umma. Leo kaburi lake limezungukwa na sanamu za wachongaji aliowapenda, akiwemo Elkana Ong'esa, fundi wa mawe kutoka Kisii. Watoto hupita hapo wakienda kutazama kima.

Donovan alibaki na kazi. Nyumba aliyoijenga ukingoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi kwa kufuata majengo ya udongo ya Mali ilinusurika kuliwa na reli mpya, na mwaka 2016 ikatangazwa kuwa urithi wa taifa. Yeye alifariki Desemba 2021.

Mkono uliovunjika

Kwa Tanzania, mfanyabiashara ninayemweka mbele kabisa si tajiri wa kutisha. Ni Mohamed Peera, muuza vinyago wa Dar es Salaam mwenye asili ya Kihindi, ambaye miaka ya 1950 alianza kununua kazi za Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge na mjini. Inasimuliwa kwamba mchongaji Samaki Likankoa alikuwa akimletea sanamu ya mtu, njiani mkono ukavunjika. Aliogopa haitanunuliwa. Badala ya kuitupa, akaikata zaidi na kuipindua mpaka ikawa kiumbe kisicho mtu wala mnyama. Peera akainunua, ikauzika, akaagiza nyingine. Mtindo unaoitwa shetani, ambao leo unapatikana kwenye kila duka la vinyago kutoka Mwenge hadi Arusha, unahesabiwa kuanzia hapo.

Huyu namheshimu kwa sababu alifanya jambo ambalo wauzaji wengi hawafanyi: alinunua kitu ambacho soko lilikuwa halijakiomba. Mlezi wa sanaa huonekana siku kama hiyo. Kununua kile ambacho watalii wanakililia tayari, hilo ni duka tu.

Aliyefuata njia ya duka na kuikuza mbali ni Saifuddin Khanbhai wa Arusha, mwenye Cultural Heritage, kituo kilichoanza miaka ya 1990 na ambacho jumba lake limejengwa kwa maumbo ya ngoma, ngao na mkuki. Kwa sura ya nje, sijui jengo lingine la sanaa nchini linaloonekana kwa urahisi hivyo kutoka barabarani.

Mbali zaidi na zilikotoka

Mkusanyo unaotajwa mara nyingi kuwa mkubwa kuliko yote ya binafsi ya sanaa ya Afrika ya sasa haupo Afrika. Ni wa Jean Pigozzi, mrithi wa mali iliyotokana na kiwanda cha magari cha Simca cha Ufaransa, na ulianza mwaka 1989. Ndani yake yumo Mtanzania George Lilanga, Mmakonde aliyeingia Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam akiwa mlinzi na kutoka akiwa mmoja wa wachoraji wetu wanaojulikana zaidi duniani. Mwaka 2019 Pigozzi alitoa kazi 45 kutoka mkusanyo wake kwa makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Nashukuru zinaonekana. Lakini ni wangapi wa Masasi, alikozaliwa Lilanga, watakaozitazama?

Mfanyabiashara wa Kongo, Sindika Dokolo, alitaka kulijibu swali hilo. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1972, mtoto wa mwenye benki, akaanza kukusanya akiwa na miaka 15. Mkusanyo wake ulipita kazi 3,000, akauweka chini ya taasisi yake huko Luanda, na mwaka 2007 kazi zake ndizo zilizosimama katika banda la kwanza la Afrika kwenye maonyesho ya Venice. Pia aliwasaka wauzaji wa Ulaya waliokuwa na vitu vya Wachokwe vilivyoibwa kutoka makumbusho ya Dundo wakati wa vita vya Angola, na baadhi akavirudisha. Mwandishi wa haki ataongeza kwamba mali yake na ya mkewe, Isabel dos Santos, ilizuiwa na mahakama ya Angola Desemba 2019, kwa tuhuma ambazo wote wawili walizikana. Alifariki majini Dubai tarehe 29 Oktoba 2020, akiwa na miaka 48. Kwake mimi hubaki na mambo mawili mkononi, la vinyago vilivyorudi nyumbani na la swali la fedha zilizovirudisha, na sijapata mizani ya kuyapima pamoja.

Utani wa zamani kuliko Simba na Yanga

Sasa nirudi nyumbani, maana hapa ndipo nilipokuwa nakuja.

Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, na Watanzania wanaamini hakuna ushindani wa zamani zaidi. Upo. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, vinahesabu asili yao kutoka karne ya 19, kwa watani wawili, Ngika na Gumha, waliotaka kujua dawa ya nani ina nguvu. Mpaka leo, mavuno yakiisha, watu hugawanyika. Ngoma mbili hupigwa uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Hakuna refa. Umati wenyewe unaoondoka huku kwenda kule ndio hesabu ya kura.

Ili kuvuta watu, kila upande ulihitaji kitu ambacho mwenzake hana. Wengine walikuja na nyoka, kama Bayeye, wengine na nungunungu, kama Banunguli. Na wengine walichonga sanamu za miti zenye viungo vinavyocheza, ili wakati ngoma imekolea zitokeze ghafla na kuwaacha watu wa upande wa pili midomo wazi. Sanamu hizo ni sanaa ya hali ya juu. Mwaka 1994 maonyesho makubwa ya uchongaji wa Tanzania yalifanyika Berlin na München, na watu wa Ulaya wakashangaa kwamba nchi waliyodhani haina wachongaji isipokuwa Wamakonde ilikuwa na hazina kama hiyo. Vitu vingi vilivyoonyeshwa vilitoka kwenye mikusanyo ya huko huko.

Na michoro? Tunasema uchoraji wa kisasa wa Tanzania ulianza na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960. Lakini mwaka 1953 Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu kizima kuhusu michoro ya ukutani ya wacheza nyoka wa Tanganyika, iliyochorwa ndani ya nyumba zao za kuwapokea wanachama wapya. Nyoka, watu, nyota, vyote kwa rangi za udongo na majivu. Karatasi za Cory zipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuta zenyewe zilikuwa za udongo na mvua haisubiri mtafiti.

Kwa hiyo nani alikuwa mfadhili wa sanaa hii yote? Ntemi, yaani chifu, kwanza. Ntuzu, Itilima, Kanadi na Dutwa, tawala zilizokuwa hapa ambapo leo ni Bariadi na jirani zake, zilikuwa na ngoma zao za utawala, viti vyao, mafundi wao. Utawala wa machifu ulipofutwa Tanganyika mwaka 1963, vitu hivyo vilikosa nyumba ghafla. Baadhi vilifichwa na koo, baadhi viliuzwa, baadhi viliozea darini.

Mfadhili wa pili alikuwa umati. Kijiji kilichotoa chakula kwa wachezaji, vijana waliolima shamba la mtu kwa mdundo wa bugobogobo na kulipwa ng'ombe wa kuchinja, hao ndio waliolipia. Hata biashara yetu kubwa ilikuwa ya umati. Shirikisho la vyama vya ushirika vya pamba la Victoria, lililoundwa Mwanza mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya biashara yaliyomilikiwa na Waafrika barani, na wenyewe walikuwa wakulima wenye jembe la mkono. Nadhani ndiyo sababu Usukuma haikutoa Murumbi. Utajiri haukuwa wa mtu mmoja, na ngoma haikuwa ya mtu mmoja. Haikuhitaji mtu wa kuikusanya wakati kila mwaka ilijikusanya yenyewe uwanjani.

Lakini ngoma hujikusanya, sanamu hazijikusanyi. Sanamu ikishapitwa na mtindo hubaki pembeni ya uwanja, na anayekuja kuiokota mara nyingi ni dalali mwenye gari.

Karibu zaidi na sisi

Aliyeliona hilo mapema kuliko wote katika kanda yetu alikuwa padre, wala si mfanyabiashara: David Clement, mmisionari kutoka Quebec, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka. Kwenye makumbusho ya Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, alikusanya ngoma za watemi, zana za wahunzi na vifaa vya waganga, akapanga mabanda ya Bagika na Bagalu, na banda la watemi akalijenga kwa umbo la kiti cha enzi. Makumbusho hayo yanahesabu mwaka 1968 kuwa wa kuanzishwa kwake. Mpaka leo, baada ya sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, tamasha la ngoma la Bulabo hukusanya wachezaji kutoka Usukuma nzima.

Kutoka Bariadi unapanda basi asubuhi, unashuka kwa lami hadi Lamadi, unakunja kushoto ukiiacha njia ya Musoma, unapita Magu, ziwa likijitokeza na kujificha upande wa kulia, kisha Kisesa. Mwanafunzi wa Ntuzu anayetaka kuona ngoma ya ntemi anavuka hadi mkoa wa jirani kuifikia. Njiani atapishana na malori ya pamba, baadhi yakiwa na majina ya wenye viwanda ubavuni kwa herufi kubwa, majina ambayo kila mtu Bariadi anayajua. Ningependa siku moja nimwandike mmoja wao kwenye orodha hii. Chumba kimoja kingetosha kuanzia, chenye paa lisilovuja, na sanamu tatu ambazo dalali hakuzikuta.